Nta Mdomoni

Jumatatu asubuhi Xavérine alishindwa kujifunga kilemba. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kitambaa kimelala mapajani, akautazama mkono wake wa kulia kama anavyotazamwa mpangaji aliyekataa kuhama. Mkono uliinuka hadi usawa wa titi, ukagoma. Alipoulazimisha, maumivu yalichoma chini ya kombe la bega, yakapanda shingoni, yakamtoa machozi ambayo hakuwa ameyaruhusu.

Ilikuwa siku ya tano tangu mkono ugome. Kufika Jumamosi zilibaki siku tano.

Pale Batsinda, pembezoni mwa Kigali, hapakuwa na mtu asiyeijua nyumba yake, ya tatu kutoka bomba la maji. Walikuja motari walioshinda juu ya pikipiki tangu alfajiri, wajenzi waliobeba saruji, wanawake waliolima bondeni wakiwa wameinama siku nzima. Walilala kifudifudi kwenye mkeka, naye akawaumika: anawasha pamba, anaizungusha ndani ya kikombe cha kioo, anaitoa, anakibandika kikombe mgongoni kabla joto halijatoka. Ngozi inavutwa juu, inakuwa nyekundu, kisha zambarau, na msuli uliokaza unaachia taratibu. Watu waliingia wamepinda wakatoka wamenyooka, wakamwita fundi.

Lakini muumishi hana wa kumuumika. Paja lake analifikia, shavu la mguu analifikia, hata kiuno akijitahidi. Mgongo hapana. Katika migongo yote ya Batsinda, wake ndio pekee uliokuwa hauna fundi, na ndio uliomwangusha wiki ile ambayo hakupaswa kuanguka.

Wiki mbili kabla, mwendesha baiskeli aitwaye Achille, ambaye Xavérine alikuwa amemwokoa paja mara tatu, alimleta kocha wake. Kocha huyo, Norman, mtu mrefu aliyekulia Uganda, alisimama mlangoni na kofia mkononi akitazama kazi kwa saa nzima bila kuongea. Mwishowe alisema:

"Mama, mikono hii ndiyo ninayoitafuta. Tunaingia mashindano ya siku nane, tunazunguka nchi nzima. Jioni vijana wanashuka kwenye baiskeli miguu imekuwa mawe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi uje kambini saa tatu asubuhi, ufanye migongo sita mbele yangu na mbele ya daktari wa timu. Ukiiweza, unapanda gari letu. Na tukirudi, unabaki na sisi."

"Cheti sina," Xavérine alisema. Alipenda kulisema hilo mapema, wenzake wasipate nafasi ya kuligundua.

"Vyeti navijua. Nataka mikono."

"Na nikishindwa?"

Norman alikuna shingo. "Kuna dada mmoja wa Kagugu, nimeambiwa anajua. Lakini nimeanza na wewe."

Xavérine alirudi kwenye vikombe vyake. Dada wa Kagugu alimjua. Alimjua tangu alipokuwa mtoto wa siku moja.

Xavérine alikuwa na miaka arobaini na saba. Alikuwa amefua nguo za watu, amebeba matofali, amelea mtoto asiye wake, amefukuzwa na mume aliyesema mwanamke asiyezaa hana haja ya kitanda kikubwa. Hakuna mahali popote jina lake lilikuwa limeandikwa kwa ajili ya kazi. Hiyo nafasi ya kwenye gari la timu ilikuwa ya kwanza, na kwa umri wake alijua pia kwamba ni ya mwisho. Kwa hiyo alijizoeza kama mwendawazimu. Siku moja aliumika migongo kumi na tisa bila kupumzika. Kesho yake aliamka, mkono ukawa umekufa.

Kituo cha afya walimpa vidonge na karatasi ya kwenda kwa mtaalamu wa viungo. Jirani yake Jolly, fundi cherehani, ndiye aliyemsomea ile karatasi.

"Wamekuandikia tarehe."

"Lini?"

"Wiki tano mbele." Jolly aliikunja karatasi polepole. "Labda Norman atakusubiri."

"Baiskeli zitanisubiri, Jolly? Zitaegemea mti zikisema, tumngoje Xavérine?"

Nyamirambo kulikuwa na mzee Usumani, muumishi hodari, lakini aliwaumika wanaume tu. Wanawake waliumikwa na mkewe, na mkewe alikuwa Bujumbura kwenye msiba, haijulikani atarudi lini. Ndipo Jolly alipojitolea. Jumanne asubuhi walifunga mlango, Xavérine akalala kwenye mkeka wake mwenyewe, mahali walipolala wengine siku zote.

"Washa pamba," alielekeza. "Ingiza, zungusha, toa, bandika. Haraka."

"Yewe, moto unanitazama."

"Moto hauna macho. Bandika!"

Jolly alibandika. Kikombe kilikaa kama kofia ya mlevi, kikateleza, kikaanguka. Mara ya pili pamba iliyowaka ilimdondoka, ikamtua Xavérine juu ya kiuno. Mara ya tatu Jolly alipiga kelele kabla hata hajawasha kiberiti.

"Dada Xavé, utaniua! Mimi nashona nguo, sichomi watu."

"Umenichoma vizuri sana kwa mtu asiyejua kuchoma."

Walicheka, Jolly hadi akakaa chini. Xavérine alicheka uso ukiwa kwenye mkeka, na kicheko kikageuka kilio bila kuvuka mpaka wowote unaoonekana. Jolly aliweka kiberiti chini. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Jana nilimpigia mtu anayejua. Nilitaka anielekeze tu jinsi ya kushika kikombe."

"Mtu gani?"

"Akimana."

Xavérine aliinua kichwa. "Ulimwambia ni mgongo wa nani?"

Jolly akaanza kuokota pamba zilizoungua, moja moja.

* * *

Akimana ni mdogo wake, tumbo moja.

Walizaliwa Bujumbura, kwenye mtaa wa Buyenzi, wazazi wao wakiwa Wanyarwanda waliokimbia zamani. Baba alitangulia, mama akamfuata, wakabaki na bibi yao Kankindi, ambaye mtaa mzima ulimwita kwa ajili ya pembe zake. Zilikuwa pembe saba za ng'ombe, fupi, zimekatwa ncha na kutobolewa tundu. Bibi hakutumia moto. Aliweka mdomo mpana wa pembe kwenye ngozi, akavuta hewa kwa kinywa chake kupitia lile tundu, kisha akaliziba kwa donge la nta alilolisukuma kwa ulimi. Madonge yote saba aliyahifadhi shavuni tangu mwanzo, yalainike kwa joto la kinywa. Ndiyo maana bibi hakuongea akiwa kazini. Aliyefungua kinywa alipoteza nta, aliyepoteza nta alipoteza pumzi, na pembe ilianguka. Watu waliolala mbele yake walimweleza mambo ambayo hawakumweleza padri, kwa sababu walijua hawezi kujibu.

Muda aliupima kwa rozari. Mafungu matatu, si zaidi. "La nne ni malengelenge," alisema. Kisha anachokonoa nta kwa mwiba, hewa inaingia, pembe inajidondokea yenyewe.

Xavérine alizijua pembe hizo akiwa na miaka tisa, kwa sababu hakupelekwa shule. Fedha hazikuwepo; zilipopatikana za mmoja tu, Akimana alikuwa amefika umri wa kusoma, na nafasi ilikuwa yake bila mjadala. Xavérine alitwanga mihogo ya watu ili daftari zinunuliwe. Jioni alimfundisha mdogo wake kuvuta pembe, kama mchezo, kwenye paja. Bibi alipokufa, pembe alimwachia Xavérine, naye alizifunga kwenye kitenge akavuka nazo mpaka wa Rwanda, yeye na mdogo wake.

Huko kuvuka mpaka hawakukuzungumzia tena.

Miaka mingi baadaye, Kigali, Akimana alikuwa na cheti cha kukanda na kunyoosha viungo. Hoteli moja ya Kiyovu ilimpa chumba. Alimwita Xavérine amsaidie, na migongo iliyomshinda yeye na cheti chake aliishika Xavérine, kimyakimya, wageni wakisema ahsante kwa lugha asizozijua. Ilidumu miezi minne. Siku moja meneja aliingia akauliza yule mwanamke anayewashika wageni ni nani. Xavérine alikuwa nyuma ya pazia, mikono ina mafuta. Akasikia sauti ya mdogo wake, nyepesi, bila kukwaruza popote:

"Huyu? Ni mfanyakazi wetu. Anafua taulo."

Siku ileile akapelekwa chini kufua taulo. Alifua mwaka mmoja. Katika mwaka huo Akimana aliazima pembe za bibi, za kupigia picha alisema, na hazikurudi. Alipoacha hoteli na kufungua chumba chake Kagugu, pembe zilikwenda naye. Tangu siku ya meneja, Xavérine hakumwita tena mdogo wangu, wala Akimana hakumwita dada. Wakikutana kwenye misa walisalimiana kama watu waliowahi kupanga nyumba moja.

Miaka sita.

* * *

Alhamisi aliamka akajaribu mkono. Titi. Siku moja nzima ilibaki. Jolly alimfunga kilemba, akampandisha kwenye pikipiki ya motari waliyemzoea, akamwambia yule kijana aendeshe kama amebeba mayai.

Chumba cha Akimana kilikuwa na mlango wa kioo na harufu ya mafuta ya mkaratusi. Ukutani palikuwa na cheti, na pembeni ya cheti, kwenye fremu ya mbao, pembe saba zimepangwa kama meno. Chini ya fremu kilining'inia kibuyu kidogo. Xavérine alikitambua. Ndani yake bibi aliweka nta.

Akimana alitoka nyuma ya pazia akiwa na koti jeupe. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, na kunenepa kulimfanya afanane na mama yao, jambo ambalo Xavérine hakuwa amejiandaa nalo.

"Karibu. Sikukutegemea."

"Hata mimi sikujitegemea."

"Ni ule mkono?"

"Kwani hukuambiwa?"

Akimana alishusha macho. "Lala pale. Toa blauzi."

Ilibidi Akimana amvue, kwa sababu mwenyewe hakuweza. Akimana alifungua vifungo kimoja kimoja. Vidole vyake vilikuwa baridi, vikapapasa kando ya kombe la bega, vikasimama palepale penyewe, bila kuonyeshwa. Xavérine alichukia kwamba vinajua.

Akimana alileta vikombe vyake vya plastiki vyenye pampu. Cha kwanza kilishika dakika moja, kikaachia kwa sauti ya mtu anayesonya. Cha pili hivyohivyo.

"Umekonda sana," Akimana alisema. "Hapa ni mfupa mtupu. Vikombe havipati pa kukaa."

"Zile za ukutani zitapata."

"Zile ni za kutazamwa. Sijazivuta tangu..." Aliacha hapo.

"Mdomo wa pembe ni mwembamba, unashika hata kwenye mfupa. Bibi alimuumika mtoto wa jirani, unakumbuka? Yule aliyekuwa kama ufagio. Nta ipo kwenye kibuyu. Kama hutaki, sema, niende."

 Kisha Xavérine akasikia fremu ikishushwa, misumari midogo ikichomolewa, maji ya moto yakimiminwa kwenye beseni la kusafishia. Baadaye palikuwa na kimya cha mtu anayetafuna. Nta ilikuwa ikilainishwa.

Pembe ya kwanza ilitua chini ya shingo. Xavérine alihisi pumzi ya mdogo wake karibu na ngozi, kisha mvuto mmoja mrefu, na nyama yake ikaingia ndani ya pembe kama inayorudi nyumbani. Ilimuuma vizuri. Ilimuuma kiasi kwamba alifunga macho.

Ndipo alipotambua kwamba Akimana ana madonge sita shavuni na hawezi kumjibu.

"Ulisema mimi ni mfanyakazi wenu," Xavérine alianza.

Mikono ya Akimana ilisita, kisha ikaendelea. Pembe ya pili.

"Nilikuwa nyuma ya pazia. Hukujua? Nilikuwa nimeshika taulo. Nilisikia ulivyolitamka, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Nilikuogesha mimi. Ulipougua surua nilikutafunia chakula. Viatu vyako vya kwanza vya shule nilivinunua kwa kiganja changu kilichochubuka kwenye mchi, nikakuvalisha, nikakusindikiza hadi getini, nikabaki nje nikisikiliza mnavyoimba herufi. Mimi mpaka leo jina langu naandikiwa na Jolly."

Ya tatu. Ya nne. Mivuto ilikuwa mirefu, ya mtu anayekumbuka kazi kadiri anavyoifanya.

"Yule mume wangu aliniambia nichague, yeye au mtoto wa mgongoni. Mtoto wa mgongoni ulikuwa wewe, una miaka kumi na mitatu na miguu mirefu. Nilikuchagua. Baadaye akasingizia mengine, lakini kilichomchosha kilikuwa wewe. Sijakwambia. Leo nakwambia."

Ya tano. Ya sita, palepale chini ya kombe, penye moto wote. Xavérine alikunja vidole vya miguu.

"Na pembe ukachukua. Ukazitia kwenye fremu, wateja wanakuuliza, unawaambia ni za bibi yako. Bibi yako! Mkono alioushika kwenye pembe akaufundisha ulikuwa wangu. Wewe ulifundishwa na nani? Na mfanyakazi wenu. Jumamosi nina kazi, Akimana. Ya kwanza na ya mwisho. Ndiyo maana niko hapa nimelala tumbo mbele yako kama mbuzi. Usidhani nimekuja kwa mapenzi."

Ya saba ilishika. Mdomo wa Akimana sasa ulikuwa mtupu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Ulinifundisha wewe."

"Nilikufundisha pembe."

"Ulinifundisha kusema." Sauti ya Akimana ilikuwa imepoteza ule wepesi. "Siku tatu. Jikoni kwa mama Aurore. 'Wakikuuliza huyu ni nani, sema ni mfanyakazi wetu. Usiniite dada.' Nikikosea ulinifinya hapa, ndani ya paja. Nilikuwa na miaka saba. Kwenye kizuizi cha barabara ya mpakani yule mwenye panga aliniinamia, akauliza, huyu ni nani? Ukasimama umeshika ndoo, hukunitazama. Nikasema. Sikulia. Ukanisifu baadaye, ukaninunulia andazi. Kuanzia siku hiyo mtu yeyote mwenye sauti nzito akiniuliza huyu ni nani, mwili wangu unasema kabla yangu. Meneja aliuliza hivyohivyo. Maneno yaleyale."

Xavérine aliiona ile barabara. Jirani yao, mama Aurore, alikuwa na vitambulisho vya wenyeji, na waliokuwa wakisakwa ni wakimbizi kama wao. Mtoto alipita kama wa kwake, na yeye, msichana wa miaka kumi na saba, akapita kama mtumishi wa ndani, ili wakimchukua yeye wasimchukue na mtoto. Aliiona ndoo. Ilikuwa ya kijani. Ndani yake, chini ya nguo chafu, palikuwa na pembe saba.

Angeweza kunyamaza. Mara nyingi baadaye alifikiri kwamba hapo angeweza kunyamaza.

"Yule wa kizuizini alikuwa na panga," alisema. "Wa Kiyovu alikuwa na kalamu. Umri wako miaka thelathini, hukujua tofauti ya panga na kalamu? Kwa hiyo shule nilikulipia ya nini?"

 Alisikia hatua. Akasikia mlango wa kioo ukisogea, ukafungwa.

Mwanzoni hakuogopa. Alianza rozari, kama bibi, kwa kuhesabu na vidole vya mkono wa kushoto. Fungu la kwanza. La pili. Pembe zilikuwa nzito, zimesimama mgongoni mwake kama kundi la ng'ombe lililozama matopeni. La tatu. Sasa Akimana angeingia na mwiba.

Hakuingia.

"Akimana!"

Nje palipita pikipiki.

Fungu la nne. Aliupeleka mkono wa kushoto nyuma, akaifikia pembe moja ya pembeni, akachokonoa nta kwa ukucha hadi ikaanguka. Nyingine sita zilikuwa katikati na kulia, na mkono wa kulia ulikuwa umelala kando yake kama wa mtu mwingine. Chini ya kombe ngozi ilianza kuwaka, si ule uchungu mzuri, bali ule ambao bibi aliukataza. Alijua kinachofanyika mle ndani. Alikuwa amewaona wateja wa waumishi wazembe: maji yanajaa chini ya ngozi, ngozi inapasuka. Angeenda Jumamosi na mgongo uliochunika. Angeinama juu ya mwendesha baiskeli na blauzi imegandamana.

"Daktari!" aliita, kwa kejeli, na kejeli haikumsaidia.

Fungu la tano. Midomo yake ilikuwa ikitaja Maria na akili yake ikitaja Jumamosi. Jasho lilimtoka. Alifikiri, nitakufa hapa nimevishwa pembe, na mteja wa saa tano ndiye atakayenikuta. Alimaliza fungu, hakubaki na sala nyingine ya kupimia. Akauma mto. Kisha akaachia mto.

"Mdogo wangu," alisema.

Haikuwa kwa sauti kubwa. Lakini mlango ulisogea mara moja, kwa hiyo alijua kwamba Akimana hakuwa ameenda mbali. Alikuwa ameketi kwenye ngazi muda wote, nyuma ya kioo, akisikia.

Akimana alizitoa moja moja kwa pini, taratibu. Pembe zilidondoka kwenye beseni zikilia. Ya sita, ile ya chini ya kombe, ilipotoka alivuta pumzi kwa meno.

"Lengelenge?" Xavérine aliuliza.

"Kubwa."

Alilipaka dawa, akalifunika kwa shashi.  Kisha akasema, "Inua."

Xavérine alikaa, akainua. Mkono ulifika titi, ukapita. Ukafika begani. Ulisita kwenye kidevu, ukatetemeka, ukaendelea hadi kidole kikagusa sikio. Aliushusha, akauinua tena kuhakikisha. Sikio. Kwa siku moja na nusu ya kupumzika ungefika kileleni. Kwa vijana sita ungetosha.

Alitaka kusema ahsante. Neno lilikuwa karibu kabisa.

"Norman alinipigia Jumanne jioni," Akimana alisema.

Xavérine alishusha mkono.

"Aliniuliza kama nakufahamu. Jolly alishaniambia hali yako, nami nilikuwa na hofu, maana Jolly alilia kwenye simu, nikadhani mkono umekatika mshipa. Nikamwambia Norman ukweli." Alikuwa akizikausha pembe kwa taulo, moja baada ya nyingine, bila kuinua macho. "Nikamwambia, huyo ni dada yangu, mkubwa wangu, ndiye aliyenilea. Nikamwambia hakuna anayeumika kama yeye katika mji huu. Na mkono wake hauinuki."

"Ulimwambia ni dada yako."

"Ndiyo."

"Na yeye?"

"Alisikitika. Akasema hawezi kuingia mashindano na mtu mgonjwa. Kazi akanipa mimi, na jana nimeweka saini."

Nje mtu alikuwa akifagia, ufagio ukikwaruza saruji. Xavérine aliusikiliza. Miaka sita alikuwa amesubiri mdogo wake alitamke lile neno mbele ya mtu mwenye sauti nzito, na alipolitamka, lilikuwa limefungwa kwenye sentensi moja na ile iliyomwondoa garini. Hakupata hata nafasi ya kufurahia nusu yake.

"Mpigie," alisema. "Mwambie mkono umeinuka. Umeona mwenyewe."

"Nimeshajaribu. Nilipokuwa pale nje kwenye ngazi nilimpigia, nikamwomba akurudishe wewe. Karatasi zimeshakwenda, majina yamefungwa." Akimana alipiga magoti mbele ya kitanda. "Lakini naruhusiwa kuja na msaidizi. Njoo na mimi. Migongo migumu utaishika wewe. Kama zamani."

"Kama zamani."

"Si vile. Unaelewa ninavyosema."

"Na daktari wa timu akiingia, akauliza, yule mama anayewashika vijana ni nani? Mwenye sauti nzito. Mwili wako utasema nini?"

Akimana alifungua kinywa. Hapakuwa na nta humo. Xavérine alimtazama akitafuta neno, akaona macho ya mtoto wa miaka saba yakimpitia usoni, yakaenda. Alimpa muda. Alimpa karibu fungu zima la rozari.

Hakuna kilichotoka.

Xavérine alivaa blauzi mwenyewe, kifungo kwa kifungo. Alichukua kitenge kilichokuwa kimetandikwa kitandani, akaweka pembe saba katikati, na kibuyu, akafunga. Akimana hakumzuia. Mlangoni alifungua kilemba kilicholegea, akainua mikono yote miwili, akajifunga tena. Kilikaa upande. Alikiacha hivyo.

Kule Batsinda, Jolly alimwona akishuka kwenye pikipiki, akaacha cherehani, akaja mbio sindano ikiwa bado mdomoni. Aliitoa alipouona ule mkono umeshika bega la motari.

"Dada Xavé! Umepona?"

"Mkono," Xavérine alisema, "ndiyo."

Akaingia ndani, akautandua mkeka wa wateja, akaukunja, akausimamisha ukutani.